Programu ya mizani imegoma kufunguka: uchambuzi wa kisa cha faili zilizopotea Mbozi

Kisa hiki ni cha kompyuta moja ya mezani kwenye kituo cha kumenyea kahawa wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tunduma. Ndiyo kompyuta pekee ya kituo. Inatumia Windows 10 ya biti 64, na imeungwa na mizani ya dijitali kwa waya unaopitia kigeuzi cha USB. Programu yake inasoma kilo, inaingiza jina na namba ya mkulima, kisha inatoa stakabadhi. Jumatatu asubuhi, katikati ya msimu, programu hiyo iligoma kufunguka. Foleni ilikuwa imeshajipanga, na kahawa mbivu haisubiri: isipomenywa mapema inaanza kuchachuka na ubora wake unashuka.

Karani alipobofya aikoni, vilijitokeza visanduku vitatu, kimoja baada ya kingine. Maneno yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni jina la faili tu: “The code execution cannot proceed because VCRUNTIME140.dll was not found. Reinstalling the program may fix this problem.” Cha pili kilitaja VCRUNTIME140_1.dll, cha tatu MSVCP140.dll. Maana yake, programu haiwezi kuendelea kwa kuwa faili hiyo haikuonekana, na huenda kuisakinisha upya kukasaidia. Nusu ya kwanza ya ujumbe huo ni kweli kabisa. Nusu ya pili inawapoteza watu wengi, na hapa iliwapoteza pia.

Wakulima waliandikiwa stakabadhi za karatasi kwenye kitabu chenye kaboni, kazi ikaendelea kwa mkono. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote yaliyofuata siku hiyo.

Kilichofanywa kabla ya fundi kufika

Usiku wa Jumapili umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa, kwa hiyo lawama ya kwanza ilienda huko. Dhana hiyo ina msingi, kwani umeme ukikatika kompyuta ikiwa inaandika kwenye diski, faili huharibika kweli. Ila umeme hauchagui. Ni vigumu sana ukatike, ufute faili tatu za familia moja, na kila kitu kingine kibaki salama. Majina yakifanana namna hii, tafuta mkono wa mtu au wa programu nyingine.

Kijana anayesaidia ofisi mambo ya kompyuta alifuata ushauri wa kisanduku, akasakinisha programu upya. Usakinishaji wenyewe ulikuwa kunakili folda kutoka kwenye flashi iliyoachwa na muuzaji na kuibandika juu ya folda ya zamani. Ujumbe ukarudi vilevile. Isingewezekana kuwa vingine, kwa sababu folda ile haikuwahi kuwa na faili hizo tatu ndani yake. Ilizitegemea zilizokuwa tayari kwenye Windows.

Hapa kulikuwa na hatari kubwa kuliko tatizo lenyewe. Programu nyingi ndogo za aina hii huweka hifadhidata ndani ya folda yao. Ukibandika folda ya flashi juu yake na kukubali kufunika za zamani, unaweza kufunika kilo za wakulima za msimu mzima kwa hifadhidata tupu. Programu hii ilikuwa inaweka data kwenye C:\ProgramData, kwa hiyo haikuguswa. Lakini hakuna aliyekuwa amehakikisha kabla ya kubandika. Kabla ya kusakinisha upya programu yoyote yenye kumbukumbu za watu, tafuta folda ya data, inakili kwenye diski nyingine, fungua nakala hiyo uone kama ina ukubwa unaoeleweka, ndipo uendelee. Faili la hifadhidata lenye KB chache tu baada ya msimu mzima ni dalili kwamba umenakili sipo.

Kisha akaendesha sfc /scannow. Ikamaliza na kujibu kuwa haikuona kasoro yoyote. Jibu lilikuwa sahihi, na linachanganya watu kila siku. Amri ya sfc inalinda faili za Windows yenyewe. Faili hizi tatu zimetengenezwa na Microsoft na zinakaa ndani ya C:\Windows\System32, lakini si sehemu ya Windows: zinaletwa na kifurushi cha pembeni kiitwacho Visual C++ Redistributable. Kwa sfc, kutokuwepo kwake si kosa. Kwa sababu hiyohiyo, amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayokarabati Windows yenyewe, isingesaidia kitu hapa, na ingekula bando bure.

Jioni akaingia kwenye tovuti mojawapo ya zile zinazogawa faili moja moja za DLL (faili za msimbo ambazo programu huziazima zinapofunguka, kama hizi tatu), akapakua zote tatu, akazibandika System32. Akaendesha regsvr32 kwa kila moja kama tovuti ilivyoelekeza. Windows ikajibu kwamba haikuona DllRegisterServer ndani ya faili hizo. Nayo ilikuwa sahihi: regsvr32 ni ya faili za aina fulani zinazojisajili, na hizi si za aina hiyo.

Programu ilipobofywa tena, visanduku vitatu havikuonekana. Kikatokea kimoja kipya, chenye namba 0xc000007b.

Wengi wakiona ujumbe umebadilika husema wamesogea. Hapa walikuwa wamerudi nyuma. Ujumbe wa kwanza ulikuwa unataja faili kwa jina. Huu wa pili hautaji jina lolote. Unasema tu kwamba kuna faili imeonekana lakini umbo lake halikubaliki, na mara nyingi sana maana yake ni kuwa programu ya biti 64 imekutana na DLL ya biti 32, au kinyume chake.

Mazungumzo ya simu yaliyofungua kisa

Jumanne karani alimpigia fundi aliyeko Mwanjelwa, Mbeya.

“Kaka, za kazi? Programu ya mizani imegoma tangu jana. Tumeshaweka faili zilizokosekana, bado.”

“Salama dada, poleni. Kabla hamjagusa kitu kingine, niambie wiki iliyopita kompyuta ilifanyiwa nini.”

“Hakuna kitu kaka. Ijumaa tuliisafisha tu, ilikuwa nzito.”

“Mliisafishaje?”

“Kuna programu zilikuwa zimejirudia, zina jina moja zote. Tukaziondoa.”

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Ukifungua orodha ya programu zilizosakinishwa kwa kuandika appwiz.cpl kwenye kisanduku cha Run, karibu kila kompyuta iliyotumika kwa muda itakuonyesha mistari mingi ya “Microsoft Visual C++” yenye miaka tofauti: 2005, 2008, 2010, 2012, 2013, 2015-2022. Tena mwaka mmoja unaweza kuonekana mara mbili, mmoja umeandikwa x64 (yaani biti 64) na mwingine x86 (biti 32). Mtu asiyejua anaona marudio. Si marudio. Ni kama mashine ya kumenyea kahawa ya chama: hakuna mkulima anayekuja na ya kwake, wote wanaitumia ileile, na ukiing'oa siku ambayo hakuna foleni huwezi kujua umemkwamisha nani mpaka kesho yake. Kila kifurushi ni mkusanyiko wa faili ambazo programu nyingi zinashirikiana, na programu iliyoandikwa kwa kutegemea cha 2010 haitaangalia cha 2013 hata kikiwepo.

Nafasi inayookolewa kwa kuviondoa ni ndogo mno, MB 10 hadi 25 hivi kwa kila kimoja. Diski ikijaa, andika cleanmgr, chagua kusafisha faili za mfumo, ondoa mabaki ya masasisho na folda ya Windows.old kama ipo. Huko ndiko GB zinakopatikana.

Kwa nini tatizo lilionekana Jumatatu wakati uondoaji ulifanyika Ijumaa? Programu ikiwa tayari imefunguka, faili zake zimeshapandishwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na inaweza kuendelea hadi jioni bila kulalamika. Kosa hujitokeza inapoanzishwa upya. Pengo hilo la siku mbili tatu ndilo linalofanya watu wasiunganishe mambo hayo mawili, na ndiyo maana swali la fundi lilikuwa la wiki nzima badala ya asubuhi ile.

Majina ya faili yanavyosomeka

Namba iliyo ndani ya jina la faili inakutajia kifurushi, na ukiijua huhitaji kubahatisha. MSVCR90 au MSVCP90 ni 2008. MSVCR100 na MSVCP100 ni 2010. Ikiwa 110, ni 2012. Ikiwa 120, ni 2013. Kuanzia 2015 Microsoft waliacha kubadilisha namba: 140 ni 2015, 2017, 2019 na 2022 kwa pamoja, na kifurushi kipya kimoja kinatosha kwa yote hayo manne. Kwa hiyo ukiona VCRUNTIME140 au MSVCP140, usihangaike kutafuta cha mwaka gani. Chukua cha 2015-2022 kilicho kipya.

VCRUNTIME140_1.dll ina habari ya ziada. Faili hii ilianza na toleo la 2019, na ipo kwa biti 64 tu. Kisanduku kikiitaja, umeshajua kwamba programu yenyewe ni ya biti 64 na kwamba unahitaji kifurushi cha x64, kabla hata hujagusa kibodi. Wale wa kituoni walikuwa na jibu hilo mbele ya macho tangu Jumatatu saa mbili. Ndiyo sababu inafaa kupiga picha kila kisanduku kwa simu kabla ya kubonyeza OK. Mstari mdogo chini (_1) unabeba maana nzima, na mtu akilisoma jina kwa sauti kwenye simu, mara nyingi huo mstari unaachwa.

Kifurushi kilisakinishwa, kosa likabaki

Fundi aliwaelekeza kwa simu wapakue vc_redist.x64.exe kutoka Microsoft wenyewe, kwa anwani aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe. Ni takriban MB 25. Kijana akafanya hivyo, usakinishaji ukamaliza kwa kusema umefanikiwa, kompyuta ikazimwa na kuwashwa. Programu ikabofywa. 0xc000007b ileile.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kuisakinisha Windows upya, kazi ya nusu siku ambayo inahatarisha data zote. Jumatano fundi alipanda kosta akafika mwenyewe, na alichofungua kwanza kilikuwa kumbukumbu ya usakinishaji.

Kila kifurushi cha Visual C++ kikisakinishwa huacha maandishi kwenye folda ya muda. Andika %TEMP% kwenye Run, panga faili kwa tarehe, tafuta zinazoanza na dd_vcredist_amd64. Zile zenye vcRuntimeMinimum kwenye jina ndizo zinazohusu faili zetu tatu. Ndani yake, ukitafuta neno msvcp140.dll, utakuta mstari unaosema faili imefanywa nini. Kwenye kompyuta hii mstari ulisema “Won't Overwrite”, na ukaeleza sababu: faili iliyopo ina toleo lilelile.

Kanuni inayotumiwa na kisakinishi cha Windows ni kwamba faili yenye toleo kubwa zaidi hubaki. Yakiwa sawa, iliyopo haiguswi. Kisakinishi hakiulizi kama iliyopo ni ya biti 32 au 64. Kinalinganisha namba ya toleo, basi. MSVCP140.dll iliyobandikwa System32 kutoka kwenye ile tovuti ilikuwa faili halisi ya Microsoft, ya toleo jipya, ila ya biti 32. Kifurushi sahihi kilipofika kikaiheshimu, kikapita, kikatangaza mafanikio. Hata saini ya kidijitali ya faili hiyo ilikuwa halali. Saini inathibitisha nani aliitengeneza. Haisemi kama imewekwa mahali pake.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye majina ya folda zenyewe. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 inabeba faili za biti 64, na faili za biti 32 zinakaa SysWOW64. Majina yamekaa kinyume na matarajio ya mtu yeyote mwenye akili timamu, kwa sababu za kihistoria: programu za zamani zilikuwa zimeshaandikwa zikilitaja jina System32, likaachwa libaki. Mtu anayebandika faili kwa mkono anaona “32” kwenye jina la folda, anaona kitufe cha “32-bit” kwenye tovuti, anaamini vinalingana.

Kuhakikisha biti za faili hakuhitaji kifaa chochote cha pembeni. Nakili faili hiyo kwenye Desktop, fungua nakala kwa Notepad, usihifadhi chochote. Utaona takataka za herufi. Karibu na juu, baada ya sentensi inayotaja DOS mode, tafuta herufi PE. Zikifuatwa na nafasi kisha d ndogo, faili ni ya biti 64. Zikifuatwa na nafasi kisha L kubwa, ni ya biti 32. MSVCP140.dll ya System32 ilikuwa na L. Njia hiyohiyo inafanya kazi kwa faili za .exe, na ni ya kuaminika kuliko kuangalia kama programu ipo kwenye Program Files au Program Files (x86), kwa kuwa muuzaji anaweza kuiweka popote.

Kuondoa faili ngeni, kisha kurudisha kilichotolewa

Fundi alifungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, akaingia System32, akabadilisha majina ya faili zilizobandikwa:

cd /d C:\Windows\System32
ren msvcp140.dll msvcp140.dll.ngeni
ren vcruntime140.dll vcruntime140.dll.ngeni
ren vcruntime140_1.dll vcruntime140_1.dll.ngeni

Kubadilisha jina ni salama kuliko kufuta, maana ukikosea unarudi. Kama Windows inakataa kwa kusema faili inatumika, funga programu zote au washa kompyuta kwa Safe Mode. Tumia cmd ya kawaida ya Windows kwa kazi hii. Ukitumia programu ya kupanga faili iliyo ya biti 32, Windows itaipeleka SysWOW64 kimyakimya huku ikikuonyesha kuwa uko System32, na utabadilisha majina ya faili nzima zisizo na kosa.

Kabla ya kusakinisha, alitafuta orodha kamili ya vilivyoondolewa Ijumaa. Hakumuuliza kijana akumbuke, kwani hakuna anayeweza kukumbuka majina yale. Windows inaandika. Fungua eventvwr.msc, ingia Windows Logs, kisha Application, chuja kwa chanzo MsiInstaller. Namba 1034 na 11724 ni za uondoaji. Siku ya Ijumaa ilikuwa na mfululizo wa mistari ndani ya dakika chache: Visual C++ 2010 x86 yenye toleo 10.0.40219, Visual C++ 2013 x64, na mingine ya 2022, ya X64 na ya X86, kila kimoja kikiwa kimevunjwa mara mbili, Minimum Runtime na Additional Runtime. Hiyo ya mara mbili isikutishe: kwenye appwiz.cpl inaonekana kama kifurushi kimoja cha 2015-2022.

Vifurushi vinne, basi, na vyote kwa pamoja hazifiki MB 60. Kwa kuwa cha x64 cha 2015-2022 kilikuwa tayari kinahesabika kimesakinishwa, kukiendesha tena kulileta kitufe cha Repair, kikabonyezwa, na safari hii faili tatu zikaandikwa kwa kuwa nafasi zilikuwa wazi. Akahakikisha kwa amri ya dir msvcp140.dll kuwa faili imerudi, akaikagua kwa Notepad: PE, nafasi, d. Kisha akasakinisha cha x86 cha 2015-2022, cha 2013 x64 na cha 2010 x86. Akawasha upya.

Programu ikafunguka.

Kilo hazikusoma

Dirisha lilifunguka, majina ya wakulima yakawepo, lakini sehemu ya kilo ilibaki 0.00 hata gunia lilipowekwa. Karani alihisi waya umekatika. Ni vizuri kusimama hapa kidogo, kwa sababu programu nyingi za ofisini haziko peke yake. Hii ilikuwa na msaidizi, programu ndogo ya biti 32 isiyo na dirisha, inayosoma mizani na kuipelekea programu kubwa namba. Programu kubwa ni ya biti 64, ndogo ni ya biti 32, na kila moja ina familia yake ya faili. Ukisakinisha x64 peke yake kwa hoja kwamba “kompyuta ni ya biti 64”, kubwa itafunguka na ndogo itakufa bila kusema chochote. Sakinisha vyote viwili kila mara. Kwenye kompyuta ya biti 64, x86 na x64 hukaa pamoja bila ugomvi.

Msaidizi wa namna hii unamjaribu kwa kumwanzisha kwa mkono: fungua cmd ndani ya folda ya programu, andika jina la faili yake ya .exe. Akikosa DLL, kisanduku ambacho kilikuwa kinafichwa kitajitokeza. Kama fundi angeishia kwenye kifurushi kimoja, kisanduku hapa kingetaja MSVCR100.dll, yaani 2010. Kwa kuwa orodha ya MsiInstaller ilikuwa imeshafuatwa, msaidizi alianza bila shida. Tatizo lililobaki halikuwa la faili. Katika hangaika ya siku mbili kigeuzi cha USB kilihamishwa tundu, na Windows ikakipa namba mpya ya mlango, COM5 badala ya COM3. Namba ilirekebishwa kwenye mipangilio ya programu, kilo zikasoma. Jiwe la kupimia la kilo 20 liliwekwa, skrini ikaonyesha 20.00, na stakabadhi ya majaribio ikatolewa na kubatilishwa.

Jina likiwa la aina nyingine

Kisa hiki kilikuwa cha Visual C++, lakini kisanduku kinachofanana kinaweza kuwa na mzizi tofauti.

Jina likianza na api-ms-win-crt, kompyuta hiyo kwa kawaida ni Windows 7 au 8.1 isiyo na sasisho KB2999226. Windows 10 inakuja nalo ndani yake. Windows 7 isiyo na Service Pack 1 inakataa hata kusakinisha kifurushi cha 2015, mara nyingi kwa kosa 0x80240017. Anza na Service Pack.

Likianza na d3dx9, au likiwa XINPUT1_3.dll, unahitaji DirectX End-User Runtime ya Juni 2010, hata kama kompyuta ina DirectX mpya. Toleo jipya halibebi faili hizo za pembeni.

Likiwa jina usilolijua kabisa, linalofanana na jina la programu yenyewe, hakuna kifurushi cha Microsoft kitakachosaidia. Faili hiyo ilikuja na programu. Fungua Windows Security, kisha Protection history, uone kama antivairasi imeitia kizuizini. Flashi zinazozunguka kati ya steshenari na ofisi hubeba virusi, na antivairasi huondoa faili iliyoambukizwa pamoja na uhai wa programu. Usiirudishe kwa haraka. Chukua nakala safi kutoka kwa muuzaji.

Ujumbe ukitokea kila unapowasha kompyuta, una neno RunDLL, na unataja faili iliyo kwenye AppData, hapo hakuna kinachohitaji kurudishwa. Mara nyingi ni kirusi kilichofutwa kikaacha amri yake ya kujianzisha. Tafuta amri hiyo kwenye Task Scheduler au kwa kifaa cha Microsoft kiitwacho Autoruns, uifute.

Na kama kisanduku kinasema kuna kitu kiitwacho “entry point” hakikuonekana ndani ya DLL, faili ipo ila ni ya toleo lisilolingana, mara nyingi la zamani. Angalia kwanza folda ya programu yenyewe. Windows hutafuta hapo kabla ya System32, kwa hiyo DLL kuukuu iliyosahaulika kando ya .exe itashinda mpya iliyoko kwenye mfumo.

Kilichoachwa kituoni

Stakabadhi za karatasi ziliingizwa kwa tarehe zake halisi, karani mmoja akisoma na mwingine akiandika, na jumla ya kilo za kila kitabu ikalinganishwa na jumla ya programu kabla ya kitabu kufungwa. Faili zenye .ngeni zilifutwa baada ya wiki moja ya kazi bila kosa.

Kituo sasa kina flashi yenye vifurushi vya 2008 hadi 2015-2022, x86 na x64, vyote kutoka Microsoft, pamoja na karatasi iliyobandikwa nyuma ya skrini inayoorodhesha vile vinne ambavyo programu ya mizani inavitegemea. Flashi hiyo haichomekwi kwenye kompyuta nyingine yoyote. Kutoka kituoni hadi Mwanjelwa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 60, na bando hukata wakati usiofaa, kwa hiyo kuwa na MB hizo chache kabatini kunaokoa siku nzima ya foleni.

Muuzaji wa programu naye aliombwa kwa maandishi atengeneze kisakinishi kinachobeba vc_redist zote mbili, cha 2013 x64 na cha 2010 x86 ndani yake, kiviendeshe chenyewe kabla ya kunakili folda. Kwa vifurushi vya 2015-2022 amri ni vc_redist.x64.exe /install /quiet /norestart, na ya x86 vivyo hivyo. Ni kazi ya mistari michache kwake, na kila kituo kinachotumia programu yake kingenufaika.